Kidole Chenye Hina

Bi Zaituni asema aliyaona kwa macho yake mawili, hakuhadithiwa na mtu. Asema alikuwa akipita nyuma ya skuli ya wasichana, atoka Marikiti na kapu lake la bamia, akasikia kimya. Na kimya cha watoto thelathini, asema, si kimya cha heri. Akachungulia dirishani. Akawaona watoto wamepangwa safu, na mwalimu, yule kijana Mahfudha binti Jamaldin, ana bakuli la dawa nyeusi mkononi, ampaka kila mtoto kidole gumba. Wala si cha mkono wa kulia. Cha kushoto, mkono wa chooni. Kisha watoto wakageuzwa uso ukutani, wakaanza kunena maneno yasiyo mbele wala nyuma: ba, be, bi, bo, bu. Na mtoto mmoja, asema Bi Zaituni, alipofika nyumbani mamake alimsugua kwa sabuni na majivu hata ngozi ikawa nyekundu, na ile alama isitoke.

"Sasa niambieni," alikuwa akimalizia, kila nyumba aliyoingia wiki ile, "kitu gani hicho kisichotoka kwa sabuni?"

Kilikuwa hina.

Mahfudha aliipata habari hii siku ya Alhamisi, siku ya tatu ambayo nafasi ya Esha katika benchi la mbele ilikuwa tupu. Wasichana wenziwe ndio waliomwambia, tena kwa kunong'onezana, kila mmoja akimsukuma mwenzake aseme yeye.

"Nyanya yake amemtoa, mwalimu."

"Kwa ajili ya kidole."

"Asema hatarudi tena. Atakaa ndani ajifunze kushona kofia."

Mahfudha aliwaambia wafungue vitabu. Lakini siku ile alifundisha kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Yeye mwenyewe hakusoma sana. Alifika darasa la sita, basi, na watoto wa kuanza alipewa kwa sababu hapana mwalimu mwingine aliyewataka. Si kwamba walikuwa wajinga. Ajabu yake ni kuwa walikuwa wakisoma. Wengi walikuwa wameshapita juzuu kadha huko chuoni kwa Kurani, na kalamu ya mwanzi waliijua tangu meno ya utotoni hayajang'oka. Lakini herufi za Kiarabu zaanza kulia, na za Kizungu zaanza kushoto, na vichwa vya watoto vilikuwa vimeshazoea njia moja. Aliandika "kata", wakasoma "taka". Aliandika "lima", wakasoma "mali", wakaona raha kwa kuwa wamepata neno.

"Wachape kidogo," alishauriwa na Truphosa, mwalimu wa darasa la pili, aliyekuja Mombasa na mumewe, mfanyakazi wa reli. "Kule kwetu fimbo ndiyo iliyotufundisha kushoto na kulia."

"Wakichapwa watajua kulia tu," Mahfudha alisema. "Kulia kwa machozi."

Truphosa alicheka mpaka akashika ukuta.

Mahfudha hakuchapa. Alitazama. Mwezi mzima alitazama tu, akaona kuwa kila mtoto akikwama huangalia mikono yake, kana kwamba jibu liko huko. Kisha ikaja Idi, na Esha akarudi skuli na hina viganjani, na siku mbili nzima hakuangalia kitu kingine. Hapo ndipo Mahfudha alipokwenda nyumbani akachuma majani, akayatwanga, akayatia ndimu, akaanza na kidole chake mwenyewe.

"Msitari watoka penye hina," aliwaambia, "waenda pasipo hina. Kalamu ikipotea njia, iulizeni hina."

Kisha akawafanya watoto wenyewe kuwa herufi. Huyu akashika kikaratasi cha "ba", yule cha "mi", yule cha "a", wakasimama ukutani, na darasa likapita mbele yao kutoka upande wa hina, likisoma kama wanunuzi wanaopita mbele ya mafungu sokoni: bamia, ndimu, nazi, pilipili. Wiki ya pili Esha alikuwa akisoma magunia ya unga. Alisoma kiberiti. Alisoma vibao vya maduka kule Makadara mpaka wenziwe wakamkimbia. Na huyo ndiye aliyetolewa.

Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, Mahfudha alivaa buibui lake akaenda Kibokoni.

Bi Mwanakuu, nyanya yake Esha, alikuwa amekaa ukumbini akitoboa viua vya kofia, vile vitundu vya nakshi, sindano yaingia yatoka bila ya yeye kuiangalia. Kofia ile ilikuwa ya mwanawe Zein, babake Esha, dereva wa lori la jeshi aliyekwenda vitani Bama, kule upande wa Bara Hindi, mwaka wa pili sasa. Mamake Esha alikuwa amefariki, kwa hiyo neno la nyumba ile lilikuwa la nyanya peke yake. Na kando yake, mkekani, alikuwa Bi Zaituni, jirani wa mlango kwa mlango, akitafuna tambuu.

"Masalkheri, bibi."

"Akheri, mwanangu. Karibu, kaa. Kunywa kahawa kwanza."

"Nimekuja kwa ajili ya Esha."

"Najua. Hukuja kwa kahawa yangu." Bi Mwanakuu aliweka sindano chini. "Sikiliza. Mimi si mtu wa kukataa elimu. Marehemu mume wangu alinioa naandika, na barua zangu za Kiarabu zasomwa mpaka Lamu. Lakini ule mkono, mwanangu. Tangu mtoto huyu aanze kutambaa namwambia, usile kwa huo, usipokee kwa huo, usimpe mtu kitu kwa huo. Nimemchapa kwa ajili ya huo. Kisha wewe waja waupamba."

"Sikuupamba, bibi. Nimeutia alama, kama mtu atiavyo fundo kwenye leso asisahau jambo."

"Fundo hufunguka," alisema Bi Zaituni. "Lako halitoki kwa sabuni."

"Hina hutoka yenyewe, Bi Zaituni. Siku kumi tu, na siku kumi zikiisha mtoto hana haja nayo tena."

Esha alikuwa amesimama mlangoni pa chumba, mikono nyuma. Mahfudha hakumwita. Alimweleza nyanya yake mambo ya kulia na kushoto, ya kata na taka, polepole, na Bi Mwanakuu akasikiliza kichwa amekiinamisha upande, maana alikuwa mwanamke wa kuandika na jambo la kuandika alilielewa.

"Na yuasoma kweli?" aliuliza mwisho. "Ama yuakariri kama kasuku?"

"Yuasoma."

"Basi tutajua leo." Aliingiza mkono chini ya mto akatoa barua, imekunjwa na kukunjuliwa hata mikunjo imekuwa laini kama kitambaa. "Hii ya Zein, ilikuja mwezi uliopita. Zamani alikuwa akiniandikia mwenyewe, kwa Kiarabu, mwandiko wake naujua gizani. Hii ni ya herufi za Kizungu. Kazi zimemzidi, aandikiwa na mwenzake, mtu wa bara, Joab. Mzee Gharib, mumewe Bi Zaituni huyu, amenisomea mara tatu, Mungu amlipe. Naijua yote kwa moyo. Esha hajapata kuisikia, kila mara alikuwa chuoni. Aisome. Akienda nayo sawa na Gharib, Jumatatu yuaja skuli, na hiyo hina yenu ajipake mpaka kiwikoni. Akibahatisha, basi, mwalimu, mimi na wewe tutaamkuana njiani tu."

Bi Zaituni aliacha kutafuna.

"Mtoto ataiweza wapi barua ya mtu mzima," alisema. "Mwandiko wenyewe wa mbiombio. Mpe kitabu chake cha skuli, Mwanakuu, usimwonee."

"Kitabu amekikariri."

"Basi lete nimpelekee Gharib, amwandikie maneno mengine, mepesi." Na mkono wake ulikuwa umeshatangulia, umeishika ncha ya karatasi.

"Bi Zaituni, umekuwaje leo? Kaa."

Alikaa. Mahfudha, ambaye kazi yake ni kutazama mikono ya watu, aliona ule mkono waikunja na kuikunjua ncha ya mkeka, akadhani ni hasira ya mtu anayeona maneno yake ya wiki nzima yaharibika.

Esha alikuja akaketi baina yao. Aliilaza barua juu ya mkeka, akaweka kidole chenye hina pembeni, mwanzo wa msitari, na kidole cha mkono wa pili kikaanza kutembea.

"Ma-ma ya-ngu. Mama yangu. Sa-la-mu nyi-ngi."

"Salamu nyingi," Bi Mwanakuu aliitikia, macho amefumba.

"Ni-ko Ba-ra Hi-ndi. Mvu-a ni nyi-ngi."

"Mvua ni nyingi. Enhe."

"Jo-ab a-ni-a-ndi-ki-a kwa ku-wa..." Kidole kilisimama, kikaendelea. "...m-ko-no wa-ngu..."

"Hapana," alisema Bi Mwanakuu, bado amefumba macho. "Hapo pasema, kwa kuwa kazi zimenizidi. Rudia."

Esha alirudi kwenye hina. Alianza msitari upya, kwa subira ile ile aliyofundishwa, herufi moja haikumpita. "Kwa ku-wa m-ko-no wa-ngu wa ku-li-a u-me-ka-twa. U-si-li-e, ma-ma. Na-ji-fu-nza ku-la kwa wa ku-sho-to."

Alikuwa akisoma kama anayepanda ngazi, aangalia kidato alichokanyaga tu. Alipofika juu ndipo alipogeuka akaona alikotoka. Midomo yake ilirudia yale maneno bila ya sauti. Kisha akaiondoa mikono yote miwili juu ya barua, akaificha mapajani.

Bi Zaituni alikuwa amejifunika uso kwa ukaya, na Mahfudha akafahamu sasa kwa nini mwanamke huyu alizunguka mji mzima na kisa cha dawa nyeusi. Mumewe aliubadilisha msitari mmoja, kwa huruma, mara tatu, na katika nyumba ile alikuwako mtoto aliyeanza kusoma magunia, na baada ya magunia ni barua.

"Gharib hakuniambia hivyo," alisema Bi Mwanakuu.

"Mwanakuu," alisema Bi Zaituni ndani ya ukaya.

"Sikukuuliza wewe."

Aliiokota barua. Aliishika kama aliyeshika kitu cha mtu mwingine, akaizungusha, akaitazama kutoka kulia kama alivyozoea, akaona haimwambii kitu. Akamnyooshea Mahfudha.

"Wewe ndiye mwalimu. Huyu ni mtoto, ana miezi mitatu tu katika kazi hii. Yuachanganya. Si umesema mwenyewe kuwa huchanganya? Kata na taka."

Mahfudha aliipokea. Hakuwa na haja ya kuisoma. Alikuwa amefuatana na kidole cha Esha tangu mwanzo mpaka mwisho.

Esha alimtazama. Bi Zaituni aliteremsha ukaya kidogo, naye akamtazama.

"Angalia vizuri," alisema Bi Mwanakuu, na sauti yake ilikuwa imeshuka, imekuwa ya mtu mdogo kuliko wote mle ukumbini. "Niambie amekosea, mwanangu. Neno moja tu. Sema amekosea, nami Jumatatu nitamleta skuli mwenyewe, nimemshika mkono."