Ukurasa wa Shamba la Mama

Katika kazi yetu ya kupima ardhi, kitabu cha vipimo hakifutwi. Ukikosea namba unaikata kwa mstari mmoja, unaandika iliyo sahihi juu yake, unatia saini. Kosa lako libaki likionekana. Aliyenifundisha hivyo ni Afande, mpima mkuu wetu, aliyerudi vitani na risasi pajani na bado akatembea maporini miaka thelathini akitushinda sisi wenye miguu mizima. Siku aliponikuta na ufutio mfukoni alinichapa vidole kwa rula. Nilimpenda kama baba.

Alipofariki, ofisi ilinichagua mimi kumzungumzia siku ya kumkumbuka. Asubuhi hiyo niliingia stoo kutafuta vitabu vyake tuviweke mezani, watu waone mwandiko wa mtu mnyoofu. Kwa kiherehere changu nikafungua ukurasa wa shamba la mama.

Mama aligombana na jirani yetu juu ya mpaka. Jirani huyo ndiye aliyembeba Afande mgongoni siku ile ya risasi. Afande akaja kupima, upande wetu wa kisima ukatoka mita arobaini na sita, kisima kikaangukia kwa jirani. Mama akasema bikoni, lile jiwe la mpaka, imesogezwa; watu wakamdai ushahidi. Mimi, mpima mpya mwenye cheti ambacho wino wake haujakauka, nikamwambia mbele ya watu, "Mama, namba hazina jirani. Nyamaza, unanitia aibu." Akanyamaza. Miaka tisa alipanga foleni ya maji bombani, mpaka akafa.

Pale kwenye namba, karatasi ilikuwa nyembamba. Nikaiinua dirishani. Ilikwanguliwa kwa wembe, na chini yake, kwa mwandiko ule ule, ilisomeka sitini na nne.

Nilikaa juu ya maboksi nikacheka kama mwehu, kisha hasira ikanipanda. Kikulacho ki nguoni mwako, nami miaka yote nilikuwa naisifia nguo.

Ukumbini nilipoitwa, hotuba niliiacha kitini. Nilisoma ukurasa ule, namba ya juu na ya chini, nikataja shamba lilikuwa la nani. Mjane wa Afande akainamisha kichwa. Jirani, aliyekaa mbele kabisa na nishani zake kifuani, akajiinua kwa mkongojo.

"Bila mgongo wangu, usingepata wa kukufundisha kazi," akasema, akatoka. Hakukana lolote.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama mdogo, nikamfungulia kitabu. Alikitazama, hakushtuka.

"Dada alijua," akasema. "Afande mwenyewe alikuja kumwambia, analia. Alitaka kurekebisha."

"Mbona hakurekebisha?"

"Dada alimkataza. Alisema, 'Ukikiri watakufukuza, na mwanangu atakosa mwalimu. Kisima na kiende.' Akaniapisha nisikwambie."

Nilishindwa kukaa, nikashindwa kusimama. Nikamuuliza kama mama alikufa na kinyongo na Afande.

"Yule alimsamehe siku ile ile," akasema, akifunga kitabu. "Aliyemuuma ni wewe. Watu wengine walidai ushahidi, sawa, ni watu wengine. Wewe ulikuwa mwanawe."