Mtamba wa Nane

Gaolathe aliingia karakana ya Mma Tebatso, hapo Mahalapye, akiwa na hasira ya juma zima, na mtu mwenye hasira si wa kuachiwa achague kitu.

Mkewe Boitshepo alikuwa mochwari. Mkewe wa kinywani tu, maana walikaa pamoja miaka na miaka, Gaolathe akisema mahari atamaliza kesho, na kesho yake haikuwahi kupambazuka. Ng'ombe saba walikuwa tayari kwa wakwe, Shoshong. Lakini saba si mahari. Mahari lazima igawanyike kwa mbili. Wakwe walisema bila kupepesa macho: wa nane aingie zizini kwa miguu yake alasiri hii, kabla jeneza halijafika nyumbani. Vinginevyo Gaolathe hatatia udongo kaburini, na Wame, binti yake na Boitshepo, atabaki mtoto wa wajomba zake. Hilo ndilo lililomchoma. Kumpoteza Boitshepo lilikuwa jambo la Mungu. Kumpoteza mtoto lilikuwa la Modiri, kaka wa marehemu, na Gaolathe alikuwa tayari kuua mtu.

Ng'ombe mwenyewe, mtamba ambaye hajazaa, alikuwepo, na pikapu ilikuwepo. Tatizo lilikuwa bodi. Kutu ilikuwa imekula sakafu mpaka unaona barabara chini, na bati limechanika na kuchongoka.

"Dawa yake ni mpira wa maji, wa kupulizia sakafuni," Mma Tebatso alisema. "Ila gari linalala hapa, mpira ukauke mpaka kesho."

"Kesho nazika, mama!"

"Basi chukua huu." Alipiga teke ukanda mkuukuu wa kusafirishia makaa mgodini, mpira mnene uliopauka, bado unayanuka. "Sura hauna, lakini ng'ombe anasimama."

Gaolathe aliutazama, akakumbuka Modiri alivyoiita pikapu hii sufuria la mbwa mbele ya wageni, watu wakacheka, hata Boitshepo akacheka. Ukutani ilining'inia plastiki nyeusi iliyofinyangwa kwa umbo la bodi, inang'aa utadhani imepakwa mafuta.

"Nataka ile."

"Ile ni ya wabeba magunia, rra. Ng'ombe akikojoa pale, ni sabuni."

"Nimekuuliza?" Alilipiga ngumi kopo la rangi, likapasukia sakafuni. "Wiki nzima kila mtu ananifundisha! Funga ile!"

"Haya, mfalme. Kichwa chako, ng'ombe wako."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema kwamba guu lenyewe linaweza kuwa la ng'ombe.

Mtamba alipandishwa kwa vita. Gaolathe alimsokota mkia, akamchapa mbavuni mpaka ngozi ikapasuka, akamfunga pembe kwenye vyuma vya ubavuni. Kisha akaendesha kama mwizi. Karibu na vilima vya Shoshong punda walikatiza njia, akakata usukani, na nyuma yake akasikia kishindo, halafu mlio wa kitu kikavu kinachovunjika.

Aliposimama kutazama, mguu wa nyuma wa mtamba ulikuwa umekatika chini ya goti, mfupa mweupe uko nje. Plastiki yote ilikuwa mkojo. Kila mtamba alipojaribu kuinuka, kwato ziliteleza, akaangukia mfupa ule ule, akalia kwa sauti ambayo hata jiwe lingeionea huruma. Gaolathe hakuona huruma. Alimpiga fimbo usoni huku yeye mwenyewe analia.

"Simama! Simama, mshenzi wewe! Mtoto wangu!"

Alifika langoni kwa wakwe kabla ya jeneza. Wanaume walikuwa wamejipanga, Modiri mbele na rungu lake. Gaolathe alikata kamba ya pembe, akaangusha mlango wa nyuma. Mtamba akateleza mzima mzima, damu na mkojo, akadondoka miguuni pao.

"Ndiye wa nane huyu?" Modiri aliuliza.

"Ana pumzi, shemeji. Mhesabu."

"Shemeji wa wapi? Umetuletea nyama. Mahari ina miguu, bwana."

Gaolathe alishika pembe akaanza kumburuta. Modiri akaziba lango. Hapo Gaolathe alimpiga kichwa cha mdomo, jino likaruka. Rungu likashuka, likamvunja Gaolathe kifundo cha mkono. Wakaviringishana kwenye mavi ya ng'ombe, Gaolathe kamng'ata mwenzake sikio na hakuliachia mpaka wanaume wanne walipomvuta, na kipande kikabaki kinywani mwake.

Modiri aliinuka, shingo yote nyekundu. Akachomoa kisu, akainama, akamchinja mtamba pale pale nje ya lango.

"Huyu hana kosa," alisema.

Damu ilikuwa bado inatoka gari la jeneza lilipoingia njia ya kijiji. Kofia zikavuliwa, Modiri akajifuta damu na kujifunga leso sikioni. Gaolathe alitaka kujipanga na wafiwa, mzee mmoja akamgusa bega.

"Simama kule, mwanangu. Kwa majirani."

Mlango wa gari ukafunguliwa, binti yake akashuka na shangazi za marehemu, gauni jeusi limemzidi. Gaolathe alipiga magoti, akamnyooshea mkono uliobaki mzima.

"Wame! Njoo, mama. Njoo kwa baba."

Mtoto alimtazama. Aliona meno na kidevu cha baba yake vikichuruzika damu, akapiga yowe, akakimbilia kwa Modiri na kujificha nyuma ya miguu yake.

Modiri alimbeba, wakaingia nyuma ya jeneza.