Sanduku Lililovuka Milima

Kazi yangu ni kuuza masalia ya wazungu waliokuja kutuvumbua: dira, ramani, viti vya kukunja, picha za wanaume wenye sharubu. Vitu vyenyewe vilitengenezwa na wengine. Changu mimi ni maneno. Nikishika dira iliyokufa, nitakutajia mto ilimozama na mbwa aliyeiopoa. Wateja huondoka wameridhika, nami hubaki nikijiona msomi.

Mama alipokwenda kukaa kwa dada, niliazima sanduku lake la bati, bila kumwambia, nibebee ramani hadi dukani. Nilikusudia kulirudisha siku hiyo hiyo. Akaingia daktari wa meno, mteja wangu wa kudumu, akazipita ramani kama hazipo na kuuliza habari za sanduku. Ningesema tu ni la mama, yakaisha. Lakini mdomo wangu haukunisubiri. Nilimwambia lilikuwa la mvumbuzi mmoja aliyevuka milima kwa miguu, na kwamba zile alama kwenye mshikio wa ngozi ni meno ya chui. Akalipa, akalibeba. Nilijipongeza, mpumbavu mimi, mpaka nilipofika mlangoni kwetu, nikakumbuka sanduku lenyewe ni la nani.

Mama aliporudi, hata kabla ya kuketi, aliinama kuchungulia uvungu wa kitanda chake.

"Sanduku la mama yangu liko wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za mchwa.

"Mchwa wanakula bati?" aliuliza, akavaa tena viatu.

Tulilikuta sebuleni kwa daktari, juu ya meza, limewekewa taa yake peke yake. Nilimrudishia pesa zake na kumwambia ukweli: hakuna mvumbuzi, hakuna chui, hakuna milima.

Daktari akatabasamu. "Umepata mnunuzi mwingine, siyo? Nakujua wewe."

Nikaapa. Akacheka zaidi. Kumbe kwa kusema kweli sina kipaji hata chembe.

Mama akanisukuma pembeni, akaushika ule mshikio. "Chui gani? Haya ni meno ya huyu hapa. Alipokuwa anaota meno alitafuna kila kitu nyumbani."

"Chui sikumwamini tangu mwanzo, mama," daktari alisema. "Meno ndiyo kazi yangu. Ila alisimulia vizuri, nikamwachia. Milima ndiyo niliiamini."

"Milima ni kweli," mama alisema. "Mama yangu aliivuka, sanduku hili kichwani, mimi mgongoni. Baba alikuwa amefariki, na mashemeji walitaka vyote. Alifika mji huu hajui mtu. Humu ndani alikuwa na blanketi na sufuria."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Wavumbuzi wote waliopotea nawajua kwa nasaba zao. Sanduku hili nimekua nalo nyumba moja, na sikuwahi kuuliza limetoka wapi.

Daktari aliizima ile taa, akalishusha sanduku kwa mikono yake. "Lichukue, mama. Nikuitie teksi?"

"Ya nini?" Mama akanigeukia. "Inama."

Akanitwika. Lilikuwa tupu, lakini hatujafika hata kona shingo ilikuwa inaniuma. Nikaomba tupumzike kidogo.

"Twende," mama alisema nyuma yangu. "Mwenzako alikuwa na mimi mgongoni."