Magamba ya Rangi Uani kwa Rutashobya

Nyumba ile ya Kirumba ilikaliwa na Mzungu msimamizi wa kinu cha pamba tangu kabla ya vita. Alipofungasha kurudi kwao, mwaka ule wa Uhuru, nyumba akapewa karani mkuu, Rutashobya, mwenyeji wa Bukoba. Alihamia na mkewe Renatha, binti yao Suzana aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na mbwa jike aitwaye Kemondo. Renatha alimwokota mbwa huyo gatini Kemondo, akiwa kitoto cha mkononi, siku waliyopanda meli kuja Mwanza. Jina lilitoka hapo.

Milango na madirisha ya nyumba yalikuwa ya kijani, rangi juu ya rangi, nayo jua lilikuwa limeipasua yote. Mji mzima ulikuwa ukijipamba kwa ajili ya Desemba. Rutashobya hakutaka wageni wake waone nyumba chakavu. Kila akitoka kazini alivua koti, akachukua kisu na msasa, akakwangua. Vumbi la kijani lilitanda uani. Magamba ya rangi yalianguka barazani, mahali Kemondo alipokuwa amezaa, na mengine yakaingia katika sufuria ya maji yake.

Kopo la rangi mpya lilikuwa na maandishi madogo ya kutahadharisha kuhusu watoto na wanyama. Rutashobya aliyasoma, akaelewa kwamba mtu asije akainywa. Akaliweka juu ya kabati na kufunga mlango wa stoo. Ile rangi kuukuu iliyokuwa ikianguka chini hakuiwazia kabisa.

Watoto wa Kemondo ndio walioanza. Walitapika, wakalia matumbo yamekaza, kisha wakawa wanatafuna hewa na kujigonga ukutani. Walikufa mmoja baada ya mwingine. Renatha aliwazika nyuma ya choo. Suzana naye siku hizo alikuwa hataki kula, analia tumbo, choo hapati. Renatha alidhani ni meno.

Alasiri moja Kemondo mwenyewe alianguka barazani, miguu ikichezacheza, udenda ukimtoka. Renatha alimshika kichwa asijipigize sakafuni. Meno ya mbwa yakafumba juu ya kiganja chake, damu ikatoka.

Mzee Kashindye, jirani yao, aliona yote akiwa kwenye ua wake. Alimkuta Rutashobya njiani akitoka kazini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbwa wako ana kichaa, na mkeo ameumwa. Ndugu yangu alikufa kwa ugonjwa huo huko Bujora. Tulimfunga kamba, mwanangu. Usingoje."

Rutashobya alipofika alimkuta Renatha amekaa chini, mkono umefungwa kanga, kichwa cha Kemondo kikiwa mapajani. Mbwa alikuwa ametulia, anahema.

"Toka hapo, Mama Suzana."

"Hana kichaa. Anakunywa maji. Mwenye kichaa anaogopa maji."

"Ingia ndani na mtoto."

"Mngoje bwana mifugo aje amwone, Baba Suzana. Nakuomba."

Alimwinua kwa nguvu, akamwingiza chumbani na Suzana, akazungusha ufunguo. Kashindye alikuja na wanaume wengine wenye marungu. Kemondo alipomwona Rutashobya alitikisa mkia, akajaribu kusimama. Renatha, nyuma ya mlango, alisikia pigo la kwanza na kilio, kisha mapigo bila kilio. Aliziba masikio ya mtoto. Yake hakuyaziba.

Asubuhi Renatha alipelekwa hospitali, akaanza kuchomwa tumboni sindano za kuzuia kichaa cha mbwa. Wakati huohuo bwana mifugo, Mayala, alifika nyumbani kuchukua kichwa cha mbwa ili kipelekwe kupimwa. Kabla ya kuondoka alitazama vumbi la kijani pale barazani, akauliza lilitoka wapi. Rutashobya akamweleza. Mayala akampasua mbwa tumbo palepale. Lilikuwa na magamba ya kijani.

"Majibu ya maabara yatachelewa, na mama asiache sindano," alisema. "Lakini mimi nadhani ni rangi. Hizi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi. Nimeona ndama wakifa hivihivi kwa kulamba lango lililopakwa. Ina utamu kidogo, ndiyo maana wanairudia."

Rutashobya aliinama, akaokota gamba moja sakafuni.

"Nani mwingine anayekaa hapa chini?" Mayala akauliza.

Rutashobya aligeuka, akamwangalia binti yake. Msichana wa kazi, aliyeachiwa mtoto asubuhi ile, alikuwa amemketisha mlangoni. Vidole vya mtoto vilikuwa na kijani mpaka kwenye kucha.

Hospitali daktari alisema dawa ya sumu hiyo hawana. Mtoto atolewe katika nyumba ile, anyweshwe maziwa, waombe Mungu. Suzana alipata degedege, akatulia, akapata tena. Wodini shangwe za Uhuru zilisikika kupitia madirisha, na Renatha hakuinua kichwa.

Majibu ya maabara yalikuja baadaye: Kemondo hakuwa na kichaa. Rutashobya ndiye aliyempelekea mkewe habari hiyo.

"Nilikuambia," Renatha alisema, bila kupaza sauti. "Angalau ungemwacha afe akiwa mapajani mwangu."

"Niliogopa utakufa wewe."

"Najua. Najua hilo pia."

Suzana alipona kwa namna fulani. Aliishi, lakini maneno yalichelewa, na alipoanza kusema alisema machache, akiyasahau. Walipanga chumba kwa watu Buzuruga, na Rutashobya akarudi peke yake kuisafisha ile nyumba. Mayala alikuwa amemfundisha: alilowesha sakafu na kuta ili vumbi lisiruke, akafuta kwa matambara, akayachimbia shimo refu mbali na kisima pamoja na magamba yote.

Kisha akawa anapita nyumba hadi nyumba, popote alipoona mtu anakwangua rangi. Aliwaambia lowesheni kwanza, tandikeni gunia chini, mbwa na paka na mbuzi wahamisheni mpaka kukauke, vyombo vyao vya maji viondoeni. Wengi walimsikiliza kwa heshima ya karani, wakaendelea kukwangua. Wengine walinong'ona kwamba kifo cha mbwa kimemharibu akili. Mwanamke mmoja, Mwaija, fundi wa kushona karibu na Mwaloni, ambaye mlango wake ulikuwa umekwanguliwa nusu, alimtazama usoni, akaweka mkasi chini. Alimbeba paka wake, akamshika mjukuu wake mkono, akawapeleka kwa dada yake. Aliporudi alimkuta Rutashobya bado amesimama uani kwake, amekunja mikono ya shati, akimwagia maji mlango usio wake.