Alianzia Msimu wa Tisa

Jumatatu na Alhamisi zilikuwa siku za mashine ya kusafisha damu. Ayanle alilala ndani, damu yake ikitoka kwenye mrija mmoja na kurudi kwa mwingine, na mama yake, Ebla, alikaa nje kwenye benchi la ukutani na tasbihi yake kwa saa nne nzima. Alimaliza nyiradi zake zote, akazirudia, na bado saa mbili zilikuwa zimebaki. Akaanza kumwomba Mungu jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Hakuomba uponyaji, huo alikuwa anauomba kila swala. Aliomba mwanawe azungumze naye tena.

Ayanle hakuwa na kinyongo. Kama angekuwa na kinyongo, Ebla angejua la kufanya. Tatizo lilikuwa lile neno lake, "Sawa, hooyo," kila mama yake alipomwambia kesho itakuwa nafuu. Alimwita hooyo, yaani mama, naye Ebla alimwita yeye hooyo vilevile, kama kina mama wa Kisomali wanavyowarudishia watoto wao jina hilo. Lakini siku hizi mwanawe alilitamka kwa upole wa mtu anayembembeleza mtoto mdogo.

Kosa lilikuwa la Ebla, na alilijua. Miezi minne nyuma, kaka yake Kerrow alisafiri kutoka Modogashe akapimwa ili ampe mpwa wake figo moja. Majibu yalipotoka, damu zao hazikuoana. Ebla alikuwa peke yake alipoelezwa. Alirudi nyumbani akamkuta Ayanle ana siku mbili hajatia kitu mdomoni, amegeukia ukuta. "Imekubali?" kijana akauliza. Na Ebla, ambaye katika maisha yake hakuwahi kukosa swala kwa makusudi, alisema, "Imekubali, wallahi." Ayanle akaketi, akala wali na maziwa ya ngamia. Alikula kwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili Kerrow alimpigia simu mwenyewe, akilia, amwombe radhi kwa kuwa damu yao haikuelewana.

Ebla alifunga siku tatu kwa kafara ya kiapo cha uongo, kama alivyofundishwa. Kwa Mungu alitumaini amesamehewa. Kwa mwanawe hakujua kafara yake ni ipi.

Kitu kimoja tu kilibaki cha kumtoa Ayanle maneno mengi, nacho ni ile hadithi ya kwenye simu, *Msafara wa Nje*. Ilikuwa na misimu tisa. Watu wamepanda chombo, wameiacha dunia iliyokauka, na kwa vizazi vitatu wanazunguka angani wakitafuta pa kushukia. Wahusika walizungumza lugha ya mbali, lakini vijana fulani wa Nairobi waliandika Kiswahili chini ya picha. Ayanle aliipenda tangu akiwa darasa la sita. Alipopigiwa simu na rafiki yake Nunow, mwenye duka la kuuza filamu karibu na stendi, walibishana kwa nusu saa kuhusu nani alimsaliti nani kwenye chombo kile, na Ebla, jikoni, alizima jiko ili asikie vizuri sauti ya mwanawe akicheka.

Ayanle alikuwa ameona misimu minane. Uliobaki aliuweka. "Huo wa mwisho nitauona nikipona," alimwambia Nunow, na Ebla akasikia.

Zamani Ayanle alikuwa amemwambia mama yake, "Hooyo, keti tuangalie." Ebla akajibu kwamba hajui kusoma, na tena hayo mambo ya nyota si ya Mwislamu mwenye kazi. Sasa alikuwa na mwaka wa pili katika darasa la jioni la watu wazima. Alikuwa ameanza ili asome karatasi za hospitali. Alisoma polepole, akifuata kwa kidole, lakini alisoma.

Basi Jumanne moja baada ya adhuhuri alijifunga shuka yake, akaenda dukani kwa Nunow.

"Niambie," alisema, "mgeni wa hii hadithi yenu ya angani aanzie wapi?"

"Mgeni gani, eddo?" Nunow aliuliza. Alimwita eddo, shangazi, tangu utotoni.

"Mimi."

Nunow akacheka. Kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka, akamvutia kiti.

"Anza na msimu wa tatu. Ukianza na wa kwanza utakimbia. Kuta za chombo ni maboksi, eddo. Mtu akifunga mlango unaziona zikitikisika."

Msichana mmoja, Hani, aliyekuwa anasubiri kuwekewa nyimbo kwenye simu yake, alishindwa kunyamaza. "Aanze wa tatu na hajui Ordana ni nani? Wacha hizo! Mama, anza mwanzo kama watu wote. Hata na maboksi yake."

"Wengine huanza na wa nne," Nunow alisema, "kwa sababu huo unarudi nyuma mpaka kwa babu zao."

"Hao wengine ndio wanaovaa viatu kabla ya soksi."

"Wewe umelipia nyimbo au umelipia kelele?"

Ebla aliwasikiliza wote wawili kwa heshima. Aliuliza vipindi vyote pamoja ni vingapi. Nunow alisema vimepita mia moja. Ebla akahesabu siku kwa vidole. Wiki iliyopita daktari alimwita pembeni, akamwambia kwa upole kwamba moyo wa kijana umechoka, na kwamba sasa wahesabu wiki, wasihesabu miezi.

"Nipe msimu wa mwisho," alisema.

"Eddo! Hakuna mtu anayeanzia mwisho!"

"Wewe ukiulizwa ni nani, unaanzia wapi?"

Nunow alijibu bila kufikiri, kama mtoto yeyote wa Kisomali aliyefundishwa ukoo wake kabla ya kufundishwa kuhesabu. "Nunow Hassan Abdi Gedi Roble..."

"Umeanza na Roble?"

"Nimeanza na mimi."

"Basi. Mtu huanza na mtoto, ndipo apande kwa mababu. Nikimjua mtoto, hao wengine nitawakuta njiani."

Hani alijifunika mdomo kwa mtandio akicheka. Nunow alijikuna kichwa. "Lakini eddo, kabla ya huo kuna..."

"Weka kwenye simu, mwanangu. Alasiri inaingia."

Akauweka.

Tangu siku hiyo benchi la hospitali likawa na kazi. Ebla aliomba dua zake kwanza, kisha akatia vidude vya masikioni chini ya hijabu. Kila maandishi yalipotokea alisimamisha picha, akasoma kwa midomo, akaendelea. Kipindi cha dakika arobaini kilimchukua karibu saa mbili. Majina yalimchanganya. Watu walikumbatiana na hakujua walitengana lini. Mzee mmoja alimpiga kijana kofi, na sababu ya kofi hilo lazima ilikuwa kwenye msimu mwingine. Lakini mengine hayakuhitaji maelezo. Waliwagawia watoto maji kwa kikombe kimoja kidogo. Waliacha wafu wao nyuma yao wakijua hawatarudi kuwazuru. Babu yake Ebla alihama na ngamia kutoka upande wa Banissa katika mwaka wa njaa, na alikuwa akisimulia hivyohivyo.

Aliyempenda kuliko wote ni mama mmoja wa makamo, mwenye jicho moja, mkali, aliyekiongoza chombo. Huyo ndiye Ordana. Katika kipindi cha mwisho mitambo yote ilikufa, na Ordana akakishusha chombo kwa mikono yake mpaka kikakaa juu ya ardhi. Mlango ukafunguliwa. Nje palikuwa na mto.

Ebla alilia pale kwenye benchi. Muuguzi akaja mbio. "Mama, kuna nini?"

"Wamefika," Ebla alisema.

"Kina nani?"

Ebla akajifuta machozi kwa ncha ya hijabu.

Alipanga kumwambia Ayanle Alhamisi, mashine ikiisha, wakiwa njiani. Alirudia maneno yake kichwani kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Atasema, hooyo, nimeuona msimu wako wa tisa. Naye atashangaa, atauliza, watabishana kama anavyobishana na Nunow.

Lakini Alhamisi mashine iliendeshwa nusu saa tu. Shinikizo la damu lilishuka, wakaizima. Wakajaribu tena, likashuka tena. Daktari alisema mgonjwa arudi nyumbani akapumzike na watu wake, na Ebla alielewa.

Wakamlaza kwenye godoro karibu na mlango, apate hewa. Baada ya alasiri Ayanle alifumbua macho.

"Hooyo," alisema, "ule wa mwisho sitauona."

Ebla alisogea karibu. Moyo ulimwenda mbio kwa huzuni na kwa kitu kingine kilichofanana na furaha. "Mimi nimeuona."

Ayanle akageuza kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu ile simu ya Kerrow, macho yake yalimtazama kama zamani, yote mawili, yakitaka kujua. "Wewe? Umeuona wewe?"

"Wote. Vipindi kumi. Nimesoma kila neno."

"Wanafika?"

"Wanafika, hooyo. Kuna mto. Watoto wanatoka wakikimbia, wanakunywa kwa mikono."

Ayanle alivuta pumzi. Alikaribia kutabasamu. "Nani aliwashusha?"

"Yule mama wa jicho moja. Ordana."

Uso wa kijana ukabadilika. Haukukasirika. Ulijifunga tu, kama mlango unaosukumwa polepole. "Ordana alikufa msimu wa nane," alisema. "Walimtupa nje angani. Nilimlilia, hooyo, hukumbuki? Uliniuliza nalilia nini."

"Lakini nimemwona. Ameshika usukani kwa mikono yake."

"Alirudi vipi?"

Ebla alitafuta katika vipindi vyote kumi, mstari kwa mstari, na hapakuwa na jibu. Alipoanza yeye kutazama, Ordana alikuwa tayari yupo hai, amekaa kitini pake, na wenzake hawakushangaa. "Sijui," alisema. "Huko sikufika. Lakini yupo, wallahi..."

Ayanle aliinua mkono kwa shida, akamwekea vidole mdomoni. "Usiape, hooyo. Kwa ajili yangu usiape tena."

Ebla alichukua simu kwa haraka. "Nakuonyesha. Sasa hivi. Tazama mwenyewe."

"Hapana."

"Dakika moja tu, hooyo, sehemu ya mwisho."

"Nikitazama nikakuta si kweli, itakuwa mara ya pili." Alisema bila ukali wowote. "Niache nisitazame. Afadhali hivi. Wamefika. Kuna mto. Umenisimulia vizuri."

"Ni kweli, Ayanle. Ni kweli."

"Sawa, hooyo."

Akafumba macho. Ebla alikaa na simu mapajani mpaka kioo kikazima. Angeweza kuiwasha na kumshikia mbele ya uso, na mara kadhaa mkono wake ulitaka. Lakini mtoto alikuwa ameomba, na tangu alipomdanganya, Ebla hakuona kwamba ana haki ya kumlazimisha jambo.

Ayanle alifariki Jumamosi, adhuhuri, mama yake akimtamkisha shahada. Aliitamka wazi, neno kwa neno, na kwa hilo Ebla alimshukuru Mungu na atamshukuru siku zote. Alizikwa kabla ya magharibi. Wanaume walikwenda makaburini, Kerrow akiwa wa kwanza chini ya jeneza, na wanawake wakabaki wamemzunguka Ebla wakisoma. Yeye alivuta tasbihi yake, punje kwa punje. Watu walisema ana subira kubwa.

Siku ya nne, wageni walipopungua, alikwenda kwa Nunow. Kijana alisimama, akashika kichwa chake. Ebla hakukaa.

"Ordana alikufa msimu wa nane?"

"Ndiyo, eddo."

"Na kwenye wa tisa yuko hai."

"Yuko hai. Kuna filamu katikati. Ilitoka baada ya wa nane na kabla ya wa tisa, ndiyo inaeleza." Sauti yake ilishuka. "Ayanle alikuwa ameiweka pamoja na ule wa mwisho, ili azione kwa mfuatano, nami sikumwambia ndani yake kuna nini. Nilitaka kukwambia siku ile."

"Najua ulitaka," Ebla alisema. "Nipe hiyo filamu."

Aliitazama nyumbani, mlango ukiwa wazi, kabla ya alasiri. Ilikuwa ndefu, na sehemu kubwa haikumhusu Ordana. Lakini katikati alionekana akielea gizani katika vazi lake la angani. Chombo kidogo cha watu wasiojulikana kikamwokota, wakamhifadhi ndani ya barafu, wakamrudisha kwa wenzake baada ya miaka kumi na moja. Wenzake wakaanguka kwa kilio. Ebla alisimamisha picha akaangalia saa. Tangu mwanzo wa kuokotwa mpaka kilio, ilikuwa dakika saba.

Dakika saba. Angejibu, "Waliomwokota walimweka kwenye barafu, hooyo," na mwanawe angeamini mto.

Alizima simu. Alitawadha, akasali alasiri, na alipotoa salamu hakuinuka. Alibaki kwenye mswala amefungua mikono. Yeye aliyekuwa na dua kwa kila jambo, kwa mvua na kwa safari na kwa maziwa yaliyoharibika, hakukumbuka dua yoyote inayolingana na hili. Mwishowe aliomba kwa Kisomali cha nyumbani, kama anavyoongea na mtu aliye chumba cha pili.

"Ya Rabbi, mara ya kwanza nilimdanganya, na Wewe unajua. Mara ya pili sikumdanganya, na hilo pia unalijua. Yuko kwako sasa. Mimi sina njia ya kumfikia. Mwambie."

Nje watoto wa jirani walikuwa wanaitana. Ebla hakuishusha mikono yake.

"Mwambie wamefika kweli."