Pole ya Lori

Kitonga alisukuma kioo cha simu kwa kidole gumba, kutoka pembeni kwenda katikati, jinsi alivyofundishwa, na simu ikawasha tochi. Akasukuma tena. Ikamletea habari za mvua katika mji ambao hakuwahi kuusikia. Subira ikamwishia, akaitikisa, nayo ikaanza kuimba.

"Rudi nyuma, wewe mnyama!" akaifokea.

Waliokuwa wakifunga mbuzi kamba pale karibu wakaangua kicheko. Na wangeachaje kucheka? Katika soko lote la mifugo la Mwingi hakuna anayejua kurudi nyuma kama Kitonga. Hiyo ndiyo kazi yake. Lori likija kupakia mbuzi, yeye husimama nyuma yake, kando ya jukwaa la mawe, akapiga bodi kwa kiganja na kumwelekeza dereva kwa sauti mpaka mlango wa lori uguse jukwaa bila kuacha pengo la kuvunja mguu wa mbuzi. Kila lori kwake ni mama, na jukwaa lenyewe huliita nyumbani. Madereva wa kutoka Garissa husema wakiisikia sauti yake hawahitaji hata kutazama kioo.

Simu yake ya zamani ilikuwa na kitufe cha kurudi, kimefutika rangi kwa kubonyezwa. Ilimponyoka mfukoni siku moja, ikakanyagwa na gurudumu. Hii mpya haikuwa na kitufe hata kimoja. "Unaswaipu tu, mzee, kutoka pembeni," muuzaji alimwambia, kana kwamba pembeni ni mahali pakubwa. Vidole vya Kitonga vimekomaa kwa kamba na mbao. Akigusa pembeni, anagusa na kila kitu jirani ya pembeni.

Angecheka na wenzake, kama simu hiyo isingemwondolea mke.

Ilikuwa hivi. Muthoki alimwandikia akiwa kazini kwamba mamake amelazwa hospitali. Kitonga alisoma, moyo ukamuuma kweli, akataka kurudi nyuma ili ampigie. Kidole kikateleza. Simu ikampelekea Muthoki stika ya mbuzi anayecheza densi, amevaa miwani ya jua. Alipojaribu kuokoa hali, kidole kikateleza tena, na mbuzi wa pili akaenda kumfuata mwenzake.

Jioni ile Muthoki alikuwa ameshaondoka kwenda kwao Salama kumuuguza mamake. Mama alipona, akatoka hospitali, akaanza hata kuchuma mboga zake mwenyewe, lakini Muthoki hakurudi. Mara ya mwisho Muthoki alipopokea simu, Kitonga alijitetea kwamba kosa lilikuwa la simu. "Kwa hivyo simu ndiyo ilikuwa inacheza?" Muthoki akauliza, kisha akakata. Tangu hapo akawa hapokei.

Kusema kweli, neno lililotakiwa lilikuwa moja tu, tena fupi, na Kitonga alilijua. Lakini tangu waoane halijawahi kumtoka mbele ya mkewe. Akikosea hununua sukari, au hupanda juu akaziba paa, na Muthoki huelewa. Sasa Muthoki yuko Salama, na sukari haipiti kwenye simu. Nyumba imekuwa kubwa, chai haina ladha, na Kitonga ameanza kuogopa kwamba huyu mwanamke anaweza kuzoea kule.

Sabrin, mwenye kibanda cha chai kando ya jukwaa, alichoka kumtazama.

"Mtumie sauti, Baba Kasyoka," alisema. "Simu anaweza kukosa kushika, lakini sauti atasikiza. Hakuna mwanamke anaweza kuwacha sauti hivyo hivyo."

"Niseme nini sasa?"

"Sema pole. Neno lenyewe halina mfupa, litakukwama aje?"

Akamwonyesha alama ya maikrofoni, akamwonyesha jinsi ya kuisukuma juu ili ishike yenyewe bila kufinyilia. Kitonga akasogea kando, akakohoa, akavua kofia.

"Muthoki," alianza. "Ni mimi. Mimi bwana yako. Hapa Mwingi... hapa jua ni kali."

Akaigeuza kofia mkononi. Neno lilikuwa pale pale kooni na halikutaka kusogea.

Honi ikalia. Alikuwa Deeq, dereva wa Garissa, na lori lake refu, amechomoza kichwa dirishani. "Kitonga! Walahi hizi mbuzi zitaiva kwa jua! Kuja unirudishe!"

Kitonga hakujua kurekodi kunazimwaje. Akasukuma kioo pembeni mara mbili tatu, akaamini amerudi nyuma, akaitumbukiza simu kwenye mfuko wa shati na kukimbilia kazi. Na kazini, kama kawaida, koo likafunguka lenyewe.

"Kuja! Kuja mama, kuja! Rudi! Rudi tu, usiogope, niko hapa nyuma yako!" Kiganja kikapiga bodi. "Hapo sasa polepole. Pole! Pole mama, pole sana! Wacha hasira! Pole... pole... Rudi! Rudi nyumbani! Eeh, hivyo hivyo, mama, nimekungoja! Basi!"

Lori likagusa jukwaa taratibu. Kitonga akafuta jasho, akatoa simu aone saa, akakuta namba zinahesabu na mstari unarukaruka.

"Bado inashika!" Sabrin akapiga kelele. "Futa hiyo!"

Kitonga akatafuta pa kurudia. Akaona mshale. Ulikuwa umeelekea kulia, lakini kwa mtu aliyeishi nyuma ya malori, mbele na nyuma hutegemea dereva ametazama wapi. Mshale ni mshale. Akaubonyeza, na sauti yake ikaondoka kwenda Salama.

Akaifinya ile sauti kwa hofu, simu ikamuuliza maswali, akakubali la kwanza aliloliona. Sauti ikatoweka. Akashusha pumzi.

Sabrin alichukua simu, akatazama, akatikisa kichwa. "Umefuta kwako peke yako. Kwake bado iko. Kwani ulikuwa umesema nini?"

Kitonga akaanza kuyakumbuka maneno yake moja baada ya jingine. Kabla hajajibu, simu ikaita, na jina lilikuwa la Muthoki. Kitonga hakuthubutu kuigusa. Sabrin ndiye aliyempokelea, akambandikia sikioni.

"Nimesikia," Muthoki alisema.

"Umesikia?"

"Yote. Na honi ya Deeq. Na wewe ukichapa bodi. Chakula yako nimeleta hapo kwa soko miaka hii yote, nitakosaje kujua lori?"

Kitonga akatamani ardhi ipasuke.

"Nimewekea mama, akacheka mpaka akashika mbavu. Sasa ameniuliza swali na nimekosa jibu." Sauti yake haikuwa na kicheko tena. "Ati, kumbe huyu mtu anajua kusema pole tamu hivyo. Mbona anaimalizia kwa lori?"

Mbuzi walikuwa wanapanda, kwato zikigonga mbao. Kitonga alitazama huku na huku. Safari hii hakukuwa na bodi ya kupiga, wala dereva wa kuelekeza, wala paa la kuziba.

"Muthoki."

"Nakusikiza."

"Pole." Lilitoka dogo, limekauka, halikufanana kabisa na lile la lori. "Pole ya mama. Pole ya ile mbuzi ilicheza. Na ile ingine. Na... na zile siku zote nilileta sukari nikanyamaza. Pole, mama Kasyoka. Rudi."

Deeq, kwenye kiti chake, akazima injini. Sabrin akageukia birika lake na kujifanya anaosha kikombe.

Kutoka upande wa Salama Kitonga akasikia zipu ya begi ikivutwa, taratibu, mpaka mwisho. Hakuweza kujua kama ilikuwa inafungwa au inafunguliwa. Akabaki amesimama juani na simu sikioni, shingo ameikaza, lisije shavu lake likagusa kitu na kukata simu.