Mama Mkwe Kwenye Maji Moto

Fundi bomba hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Alishaingia mashimo ya maji machafu ambayo wenzake waliyakimbia, akatoka anapiga mluzi. Lakini asubuhi ile, kwenye kiti cha nyuma cha gari la watalii, alikuwa amejibana mlangoni kama mtoto aliyevunja kikombe. Kando yake alikaa mama mkwe wake, na katikati yao ilikaa mikoba miwili, iliyowekwa makusudi iwe mpaka.

Safari haikuwa yake. Mke wake ndiye aliyeipanga, iwe siku ya mama na binti: asubuhi magofu ya mji wa kale, mchana chemchemi za maji moto, gari lao wenyewe na mwongozaji wao wenyewe. Kuamkia siku ya safari akashikwa na ugonjwa wa macho mekundu, ule wa kuambukiza, na macho yale nani angeyaruhusu karibu na maji ya watu? "Nenda wewe," akamwambia mumewe. "Na lile neno mwambie wewe."

Lile neno ni hili. Miezi michache nyuma mama aliteleza bafuni kwake, akavunjika mkono, akalala sakafuni mpaka jirani alipokuja kuazima pasi. Mkono uliunga. Roho ya binti haikuunga. Mama aliishi peke yake, na binti alikwisha kata shauri kwamba ahamie kwao. "Asipokuja yeye, nitahamia mimi kwake," alisema, na fundi aliijua sauti ile. Haikuwa ya kutisha mtu, ilikuwa ya mtu aliyekwisha kupanga nguo sandukuni. Kwa hiyo arudi na ndiyo ya mama, au abaki kula peke yake. Na ndiyo yenyewe ilikuwa na miba, kwa sababu nyumba yao ilikuwa ndogo na mama alikuwa na kauli ya mwisho juu ya kila kitu, kuanzia chumvi. Lakini fundi alimpenda mke wake, na mwenye kupenda hachagui mzigo.

Mwongozaji aliwapokea kwenye lango la magofu. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyetembea kinyumenyume ili asiwape wageni mgongo, na wenzake walimwita Kinyumenyume hata mbele za wageni.

"Karibuni wapenzi wetu," alianza. Akamtazama mama na mkongojo wake, akamtazama fundi, na maneno yakamkauka.

"Huyu ni mkwe wangu," mama akasema. "Ana mke. Mke mwenyewe nimemzaa mimi."

Ikabidi Kinyumenyume aeleze. Binti alikuwa ameiambia ofisi kwamba safari ni ya watu wawili, zawadi kwa mtu anayempenda kuliko wote. Ofisi ikajumlisha moja na moja, ikapata fungate. Huko chemchemi kulikuwa na chumba cha faragha kinawasubiri, bwawa limetandazwa maua, na majoho mawili yaliyotariziwa mioyo. Fundi aliangalia viatu vyake kwa muda mrefu.

Mama alicheka. Alicheka hadi akaushika mkongojo kwa mikono miwili. Tangu aanguke, fundi hakuwa amemsikia akicheka, na hata kabla ya hapo hakuwahi kumsikia akicheka hivyo.

"Marehemu mume wangu alikuwa mtu mwema," alisema akijifuta macho, "lakini ua hakunipa hata la bahati mbaya. Hayo maua nayataka."

Waliingia mji wa kale. Kinyumenyume aliwapitisha mitaa ya nyumba zisizo na paa, akirudi nyuma bila kujikwaa, akieleza nani aliishi wapi na nani aligombana na jirani yake. Fundi alimsikiliza kwa sikio moja. Jingine lilikuwa linatafuta upenyo wa kulitoa lile neno.

"Mama," akasema walipofika sokoni, yaani kwenye uwanja wa mawe uliosemekana kuwa soko.

"Naam, baba."

"Jua kali leo."

"Kali."

Akajaribu tena penye hekalu. Hapo waliongea habari za upepo. Mkwe na mama mkwe wana heshima yao, na heshima hiyo ni nzuri sana mpaka siku mtu ana jambo la kusema.

Mahali alipojisahau ni kwenye hamamu ya kale, bafu la watu wote wa mji. Aliona mabomba ya udongo yamepita chini ya sakafu, kila moja limeingizwa mdomo katika mwenzake, akapiga magoti kuyachungulia na kuwasifu mafundi wake kana kwamba wamekwenda tu kunywa chai. Alipoinua kichwa, mama alikuwa bado nje.

"Ingia, mama," Kinyumenyume alimwita. "Sakafu hii haijapata maji tangu enzi za mababu."

"Naona vizuri hapa hapa," mama akajibu, na mguu wake haukuvuka kizingiti. Fundi alidhani amechoka.

Chumba cha chemchemi kilikuwa wazi juu, kimezungushiwa ukuta wa mbao, na ndani maji ya moto yalitoka mwambani yakajaa bwawa la mawe. Kinyumenyume alimwingiza mama. Fundi alibaki nje kwenye benchi, mgongo ameupa ukuta, joho lake la mioyo amelikunja chini ya kiti ili dunia isilione. Alisikia mvuke ukipumua, kisha maji yakitikisika, kisha mama akisema "Ahaa" kwa sauti ya mtu aliyetua kuni.

Baadaye Kinyumenyume alitoka kwenda kuleta taulo. "Mama yako ametulia," alisema. "Nakuja sasa hivi."

Fundi alibaki na ule ukuta. Akagundua kwamba kwa mara ya kwanza siku nzima mama haoni uso wake, wala yeye haoni wa mama. Akajikaza.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Mke wangu amenituma. Halali usingizi. Anataka uhamie kwetu, na mimi pia nimekubali, chumba tutakupa. Anasema usipokuja, atakuja yeye kukaa kwako. Mama, mimi sijui kukaa bila yeye."

Alilisema lote kwa pumzi moja. Ukuta haukujibu.

"Mama?"

Maji nayo yalikuwa kimya. Fundi alisimama. Akilini aliiona sakafu ya bafu na mama amelala juu yake, akaona tena jinsi atakavyomweleza mke wake kwamba alikuwa nje ya ukuta, amekaa, anangoja taulo. Aliita mara nyingine. Kinyumenyume hakuonekana. Kuingia ni kumwona mama mkwe akioga, jambo ambalo hata kulifikiri ni mwiko. Kutoingia ni kumwua. Akafumba macho, akageuka, akaingia kinyumenyume, mikono imetangulia nyuma, mpaka kisigino kikaloa.

"Simama hapo hapo," sauti ya mama ilisema nyuma yake.

Fundi nusura ageuke kwa furaha. "U mzima?"

"Mzima. Nilikuwa nalia. Mtu hawezi kulia na kujibu kwa pamoja."

"Nisamehe, mama. Kama ni kuhama, basi—"

"Sihami," mama akasema. "Mume nimemzika nikiishi katika nyumba ile, na ninyi wawili nitawachosha, na ninyi mtanichosha. Si hilo linaloniliza." Maji yalitikisika kidogo. "Tangu nianguke sijaingia bafuni kwangu. Naogea jikoni, na beseni, kama mtoto mchanga. Nikifika mlangoni miguu inagoma. Leo nimeshuka humu, nikashika hiki chuma walichokifunga pembeni, na miguu haikugoma. Nimekaa majini hadi shingoni. Nilidhani sitakaa tena."

Fundi alisimama macho bado yamefumbwa. "Sakafu yako ni ya namna gani, mama?"

"Vigae. Vinateleza kama sabuni. Na bomba linadondosha hapo hapo mchana kutwa."

"Linadondosha tangu lini?"

"Tangu kabla hujamwoa."

Hapo ndipo lilipompiga. Yeye, fundi wa mabomba ya mtaa mzima, hakuwa amewahi kuvuka sebule ya mama mkwe wake. Alikaa, akanywa chai, akaaga. Kinyozi hajinyoi, ni kweli, lakini angalau kinyozi huwanyoa wakwe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Mkwe, njoo utazame ninapoogea? Niliona haya. Na wewe kwa nini hukuuliza?"

"Niliona haya."

Wakacheka, yeye akiwa bado amefumba macho na mama akiwa ndani ya maua, na Kinyumenyume alipofika na taulo aliwakuta hivyo akasimama mlangoni hajui aombe radhi kwa nani.

Kurudi, mikoba ilikaa sakafuni mwa gari. Mama mwenyewe alimpigia binti yake simu. "Hakuna anayehama," alisema. "Mume wako nakaa naye jioni hii, ana kazi kwangu. Tia dawa ya macho ulale." Upande wa pili kulikuwa na maneno mengi, halafu kilio, halafu kicheko kikiwa bado na kilio ndani.

Jua lilikuwa bado halijazama walipofika. Walipita kwake fundi kuchukua mfuko wa vyombo vya kazi, wakapita dukani kununua chuma na mkeka, kisha wakaenda kwa mama. Alitoboa ukuta, akafunga chuma kirefu toka mlangoni hadi penye bomba, akaubadili mpira wa bomba uliochakaa, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi bafu likanyamaza. Sakafuni akatandika mkeka wa mpira wenye meno, hadi atakapokuja kung'oa vigae. Akaning'inia kwenye chuma kwa uzito wake wote. Hakikutikisika.

"Tayari, mama. Mimi natoka."

Mama alikuwa amesimama kizingitini, na miguu ilikuwa imegoma.

Fundi aliona. Akarudi, akasimama upande wa ndani, akainamisha kichwa kwa adabu na kumpa bega. Mama alilitazama. Kisha akaliwekea mkono, uzito wote, na akaingia.